Mizunguko 10,000 kwa siku: kisa cha Edward Andrews, jela ya Birmingham, 1853

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 28 Machi 1853, kijana wa miaka 15 aitwaye Edward Andrews aliingizwa jela ya mji wa Birmingham, Uingereza, kutumikia miezi 3 kwa kuiba ratili 4 za nyama ya ng'ombe. Usiku wa Jumatano, tarehe 27 Aprili, alikutwa amekufa ndani ya selo yake. Alikuwa amejinyonga. Kifungo chake kilikuwa kimetimiza siku 30.

Kisa hiki huzoeleka kusimuliwa kama habari za mkuu mmoja wa jela aliyekuwa katili, na katili alikuwa. Lakini ukikaa na ratiba ya jela ile, kalamu mkononi, ukapiga hesabu ya kazi na ya chakula, unaona jambo jingine. Kijana huyu alinyimwa chakula siku baada ya siku, na kwa mujibu wa utaratibu wa jela hakuwa ameadhibiwa. Alikuwa tu "hajamaliza kazi". Njaa ilipita katikati ya vitabu viwili, na hakuna kitabu kilichoinasa.

Ratili nne za nyama

Tuanze mtaani, maana jela ile ililishwa na mtaa. Sensa ya 1851 iliikuta Birmingham na watu zaidi ya 230,000. Ulikuwa mji wa karakana ndogo kuliko viwanda vikubwa: vifungo vya nguo, nibu za kalamu, bunduki, shaba, vito. Kazi nyingi ziligawanywa vipande vipande, na vipande vyepesi wakapewa watoto. Mtoto wa miaka minane kukaa siku nzima akipanga vifungo kwenye kadi lilikuwa jambo la kawaida. Shule haikuwa lazima kwa watoto wa karakana hizi; sheria ya kwanza ya kujenga mtandao wa shule za msingi Uingereza ilikuja 1870.

Familia za wafanyakazi ziliishi katika nyumba zilizopeana mgongo. Picha yake ni hii: ukuta mmoja wa nyuma unatumiwa na nyumba mbili, moja inatazama barabara, nyingine inatazama ua wa ndani. Kila nyumba ina chumba kimoja kwa kila ghorofa, mara nyingi ghorofa tatu, na dirisha liko upande mmoja tu, kwa hiyo hewa haipiti. Uani kuna bomba moja la maji, vyoo vya pamoja, jalala na chumba cha kufulia kinachotumiwa kwa zamu. Chumba kilichobaki kinapangishwa kwa mtu wa nje ili kodi itimie. Ua mmoja wa namna hii, uliopo Inge Street, umehifadhiwa hadi leo na watu huenda kuutazama. Ukisimama mle ndani unaelewa kwa nini vijana walishinda barabarani: nyumbani hapakuwa na pa kukaa.

Bei ya nyama ya ng'ombe ilikuwa kama peni 5 au 6 kwa ratili, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Kwa hiyo mzigo ule, kama kilo 1.8, ulikuwa na thamani ya karibu shilingi 2. Mvulana wa karakana angeweza kupokea kiasi kama hicho, au zaidi kidogo, kwa wiki nzima. Nyama ilikuwa mali ya kuibwa kwa sababu ilining'inizwa nje ya bucha, haina alama, na ikishapikwa ushahidi umekwisha.

Andrews hakuwa mgeni kwa mahakimu. Alikwisha kufungwa mara mbili, mara moja kwa wizi bustanini na mara nyingine kwa kurusha mawe. Na hapa sheria ilikuwa imebadilika karibuni. Kabla ya 1847, mtoto aliyeiba alisubiri kikao kikubwa chenye baraza la wazee wa mahakama, jambo ambalo lingeweza kumweka mahabusu kwa wiki kadhaa. Sheria ya mwaka huo iliwaruhusu mahakimu wa mji kumaliza kesi ya wizi mdogo papo hapo ikiwa mshtakiwa hajavuka miaka 14, na mwaka 1850 umri ukasogezwa hadi 16. Kifungo cha juu kabisa kwa njia hiyo kilikuwa miezi 3. Walioitunga walitaka kuwaepusha watoto na mahabusu ya muda mrefu. Matokeo yake yakawa kwamba mlango wa jela ulifunguka haraka zaidi, na vijana wengi wakaingia na vifungo vya wiki chache au miezi michache.

Ajabu ni kwamba Desemba 1851, katika mji huohuo, watu waliokuwa na uchungu na watoto walioingia jela, akiwemo Mary Carpenter wa Bristol, walikutana kujadili shule za marekebisho kama mbadala wa jela. Matthew Davenport Hill, jaji wa mji wa Birmingham, alikuwa miongoni mwa nguzo za harakati hiyo. Maili chache tu kutoka ukumbi wao, krenki, mashine za adhabu za kuzungushwa kwa mkono, zilikuwa zinazunguka.

Jela mpya na wakuu wake wawili

Jela ya Birmingham ilifunguliwa 1849 huko Winson Green, ikichorwa na msanifu Daniel Rowlinson Hill. Ilijengwa kwa mtindo uliokuwa wa kisasa wakati ule, wa kila mfungwa na selo yake, mtindo uliopata umaarufu tangu jela ya Pentonville ya London ilipofunguliwa 1842. Mfungwa analala, anakula na kufanya kazi peke yake, ili asiharibiwe na wenzake na apate nafasi ya kutafakari makosa yake. Ndiyo nadharia. Kwa askari jela maana yake ilikuwa nyepesi zaidi: linalotendeka ndani ya selo halina shahidi.

Mkuu wa kwanza alikuwa Kapteni Alexander Maconochie, mzee aliyepata sifa na lawama alipoongoza kambi ya wafungwa ya kisiwa cha Norfolk, mashariki ya Australia, kuanzia 1840 hadi 1844. Wazo lake lilikuwa maksi. Mfungwa asihukumiwe miezi kadhaa bali idadi ya maksi. Azipate kwa kazi na tabia njema, azitumie kulipia chakula kilicho bora kuliko cha chini kabisa, na akifikisha idadi yake atoke. Birmingham sheria haikumruhusu kufupisha kifungo, kwa hiyo aliubana mfumo wake ukawa nusu. Mahakimu wa mji hawakuridhika naye, wakamwondoa 1851. Nisimpake rangi ya malaika: tume ya serikali iliyokuja kuichunguza jela hii baada ya kifo cha Andrews ilimkosoa yeye pia kwa adhabu zisizo na kibali cha sheria.

Nafasi yake ikachukuliwa na msaidizi wake, Luteni William Austin. Austin aliupenda utulivu wa jela, vitabu safi na gharama ndogo, mambo ambayo mahakimu nao waliyapenda. Kutoka kwa Maconochie alibakiza lile la mfungwa kukipata chakula kwa kazi yake. Ila kwa Maconochie mkate wa msingi ulikuwa haki, na maksi zilinunua ziada juu yake. Austin aliugeuza mlo wenyewe kuwa mshahara.

Krenki

Mafundi wa gereji wanaijua krenki kama kile chuma kilichopinda ndani ya injini, kinachogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Krenki ya jela ilikuwa ndugu yake, ila haikuendesha kitu. Ilikuwa sanduku au pipa la chuma lililosimama juu ya miguu ndani ya selo, na mpini ubavuni kama wa mashine ya kusagia nyama, lakini mkubwa. Katika aina iliyosambaa sana, ndani mlikuwa na gurudumu lenye vikombe vilivyochota mchanga chini ya pipa, vikaupandisha hadi juu na kuumwaga. Mfungwa akizungusha, mchanga unapanda na kuanguka, unapanda na kuanguka. Aina nyingine zilitumia breki au uzito kuukaza mhimili. Nje palikuwa na saa ya kuhesabia yenye mshale: kila mzunguko mmoja, mshale unasogea. Hakuna unga uliosagwa, hakuna maji yaliyovutwa. Kwa waliouamini utaratibu huo, kukosa faida kulikuwa sehemu ya adhabu.

Birmingham kazi ya siku ilikuwa mizunguko 10,000, nayo ilikatwa mafungu matatu yaliyofungwa na milo: 2,000 kabla ya kifungua kinywa, 4,000 kabla ya chakula cha mchana, 4,000 kabla ya cha jioni. Jela ya wilaya ya Leicester ilikuwa kali zaidi kwa namba: 14,400, yaani 1,800, kisha 4,500, kisha 5,400, na 2,700 baada ya chakula cha jioni. Hakuna aliyeficha namba hizi. Ziliwekwa kama ratiba ya kazi halali.

Sasa tupige hesabu. Mwendo uliohesabiwa kuwa wa kawaida ulikuwa mizunguko 20 kwa dakika, yaani 1,200 kwa saa. Kwa mwendo huo 10,000 huchukua saa 8 na dakika 20, bila kupumzika hata kidogo. Fungu la asubuhi ni saa 1 na dakika 40. Kwa mtu mzima mwenye afya, siku ya kwanza, linawezekana. Mpe mpini huo kijana dhaifu anayeweza 12 kwa dakika. Fungu la asubuhi linamla karibu saa 2 na dakika 47, na siku nzima inamtaka karibu saa 14. Ukimwanzisha saa kumi na mbili asubuhi, atamaliza saa mbili usiku ikiwa hajasimama kula, kunywa, kwenda haja, wala kuhudhuria ibada. Siku ya jela haina nafasi hiyo.

Ndipo deni linapoanza. Asubuhi hajatimiza 2,000, kifungua kinywa hakiji. Mizunguko iliyobaki inahamia fungu la mchana, ambalo sasa limekua, na analianza bila kitu tumboni. Mchana hatimizi. Jioni hatimizi. Usiku anapewa mkate na maji. Kesho yake anaanza na 10,000 mpya, mikono ikiwa imevimba, tumbo likiwa limekula mkate mtupu. Mwendo unashuka tena. Mfumo huu hauwezi kumpa mtu nafasi ya kujikwamua, kwa sababu kinachompa nguvu ya kumaliza kazi ndicho kinachozuiwa mpaka amalize. Mkulima anayemiliki punda angeiona kasoro hii siku ya kwanza.

Chukua pia umbali. Tuseme, kwa mfano tu, mpini una urefu wa futi moja kutoka kwenye mhimili. Kila mzunguko mkono unasafiri zaidi kidogo ya futi 6. Mara 10,000, mkono umesafiri karibu kilomita 19 kwa siku, ukisukuma muda wote.

Ukisukuma nini? Hapo ndipo palipooza zaidi. Krenki zilipangwa kwa uzito wa kawaida: ratili 5 kwa wavulana, ratili 10 kwa watu wazima. Ratili 5 ni kilo mbili na robo. Ukisoma kwenye karatasi unaona ni mchezo. Lakini uzito ule ulikuwa jina tu. Mashine ya namna hii huukataa mkono kwa msuguano wa mhimili, kwa skrubu iliyokazwa, kwa grisi iliyokauka, kwa chuma kilicholika upande mmoja, na vyote hivyo hubadilika kutoka krenki hadi krenki na kutoka wiki hadi wiki. Kuipima lazima uipime ikizunguka, kwa mwendo wa kazi, tena mara kwa mara. Tume iliyokuja baadaye ilikokotoa kwamba kijana aliyetimiza 10,000 kwenye krenki ya wavulana ya Birmingham alitoa nguvu sawa na robo ya kazi ya kawaida ya farasi wa mzigo kwa siku, wakati kijana anayefanya kazi ya kawaida nje ya jela hukadiriwa kutoa kama sehemu moja ya kumi ya kazi ya farasi huyo. Gawanya: mara mbili na nusu ya kazi ya kijana wa mtaani, tena kabla ya kula.

Kwa hiyo kila aliyeitwa mvivu alipimwa kwa mizani mbovu. Askari aliona mshale umesimama 1,300 badala ya 2,000, na mshale haudanganyi. Hakuwa na njia ya kuona kwamba kila mzunguko mmoja kati ya hiyo 1,300 ulikuwa mzito kuliko ulivyoandikwa, na kazini kwake hakuulizwa hilo.

Njaa isiyoandikwa

Sheria ya jela ya 1823, iliyokuwa ingali inatumika, haikuwa dhaifu. Mkuu wa jela aliruhusiwa kumfungia mfungwa mkosaji peke yake kwa mkate na maji, lakini kwa siku zisizozidi 3. Kosa likizidi hapo, alipaswa kuwaita mahakimu wakaguzi wa jela. Hao ndio waliokuwa na mamlaka ya kuamuru kifungo cha upweke hadi mwezi mmoja, au viboko. Mkuu alitakiwa kuweka shajara. Kasisi naye yake. Mahakimu walitakiwa kutembelea na kukagua.

Tazama jinsi krenki ilivyopita pembeni mwa hayo yote. Mfungwa aliyekosa milo miwili kwa sababu ya mizunguko hakuandikwa kwenye kitabu cha adhabu, kwa maana hajaadhibiwa. Chakula chake kinamngoja, akimaliza atakipata. Akikaa siku nne, tano, kwa mkate na maji kwa njia hiyo, kikomo cha siku 3 hakijaguswa, kwa sababu saa ya adhabu haijaanza kuhesabu. Mahakimu walifika, wakafungua vitabu, wakaona jela tulivu yenye adhabu chache, wakaondoka. Tume iliwalaumu kwa uzembe wa kuridhika na karatasi. Mimi naona lawama hiyo ni ya haki ila haitoshi. Hata hakimu mwenye bidii angeweza kusoma kitabu kile kurasa zote asiikute njaa, kwa sababu haikuwa na safu ya kuandikiwa. Angetakiwa kwenda jikoni, ahesabu sahani zilizorudi.

Kulikuwa pia na adhabu ambazo hazikuwa na kibali popote. Mojawapo ilikuwa jaketi, lile la kuwafungia wenye wazimu. Mikono ya mfungwa ilikunjwa kifuani na kufungwa kwa mikanda. Shingoni akavishwa kola ya ngozi ngumu, kina chake kama inchi 3 na nusu na unene unaozidi robo inchi, hivyo kwamba hawezi kuinamisha kichwa. Kisha akafungwa kwa mkanda kwenye ukuta wa selo yake, wima. Akae hivyo saa kadhaa. Anayezimia hana pa kuangukia. Uzito wa mwili unabaki kwenye mikanda na ile kola. Ndiyo maana ndoo ya maji ilikuwa karibu, ya kuwamwagia. Kitu kilichobuniwa kumzuia mgonjwa asijidhuru kilitumika kumwadhibu mtu mwenye akili timamu kwa kupiga kelele. Tume ilikusanya na mengine, pamoja na mfungwa aliyetiwa chumvi mdomoni kwa madai kwamba anajifanya mgonjwa.

Siku thelathini

Rudi sasa kwa Andrews. Baada ya siku ya kuingia aliwekwa kwenye krenki ya ratili 5. Alishindwa kutimiza idadi, akalala kwa mkate na maji. Siku zilizofuata hali ikawa hiyohiyo. Tunao maelezo mawili ya tabia yake, kutoka kwa watu wawili waliomwona katika selo ileile. Kasisi wa jela, Ambrose Sherwin, alimwona kijana mtulivu, mpole, msikivu. Mkuu wa jela alimwona mkaidi mwenye kinyongo. Nadhani wote wawili walisema walichokiona. Kijana mnyonge asiyejibu, ukimjia na Biblia ni msikivu. Ukimjia na saa ya krenki, ukimya uleule ni ukaidi.

Katikati ya Aprili alianza kufungwa lile jaketi. Kosa: kupiga kelele. Jumapili tarehe 17, siku ambayo krenki husimama, kasisi alimkuta amefungwa ukutani. Sherwin hakuwa shujaa wa hadithi. Aliyaona mambo haya kwa muda, na mamlaka yake yaliishia kwenye shajara na maneno. Kasisi wa jela aliajiriwa na mahakimu walewale waliompenda mkuu. Lakini aliandika. Miezi michache baadaye karatasi zake ndizo zilizokuwa na tarehe.

Jambo moja dogo la kuangalia kwa karibu: kitanda. Katika jela za mtindo huu mfungwa alilala kwenye kitanda cha kuning'inia, kitambaa kinachofungwa kwa mikanda kati ya kuta mbili na kukunjwa mchana. Kukichelewesha kilikuwa adhabu nyingine ndogo: aliyetiwa alama hakupewa hadi saa nne usiku. Kwa hiyo mtu aliyezungusha mpini tangu alfajiri, aliyekula mkate, alisubiri kwa kukaa sakafuni au kusimama, gizani, mpaka mlinzi wa usiku apite. Usiku wa tarehe 27 mlinzi alipofika kwa Andrews, alikuwa amechelewa.

Kilichofuata

Kilichoifanya habari hii isizikwe na marehemu ni taratibu ya zamani sana: kila kifo kinachotokea jela lazima kichunguzwe hadharani, mbele ya raia walioapishwa. Mkuu wa jela hana uwezo wa kukifunga kikao hicho. Kasisi akatoa ushahidi, waandishi wa magazeti wakauandika, mji ukashtuka. Mkaguzi wa magereza wa serikali akaingia, na kabla ya mwaka kwisha ikaundwa Tume ya Kifalme. Mmoja wa wajumbe alikuwa Dr William Baly, daktari wa jela ya Millbank ya London, mtu aliyejua maana ya mlo wa mfungwa kwa gramu. Walihoji wafungwa na askari, wakapima krenki, wakalinganisha vitabu. Ripoti ilitoka 1854, na Leicester nayo ilichunguzwa kipindi hichohicho kwa sababu ya mizunguko na milo yake.

Tume ilikuta kwamba kilichompata Andrews hakikuwa cha pekee. Wengine, wavulana kwa watu wazima, walipita njia ileile, na wapo waliojaribu kujiua wakaokolewa. Swali la nani ajibu lilichukua muda zaidi. Austin alijiuzulu. Alishtakiwa, na kesi ikasikilizwa 1855 huko Warwick; akapatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha miezi 3.

Upande wa watoto, sheria ya 1854 iliruhusu mahakama kupeleka wakosaji walio chini ya miaka 16 kwenye shule za marekebisho, jambo ambalo kina Carpenter na Hill walilipigania. Bunge likaongeza sharti: mtoto atumikie kwanza siku zisizopungua 14 jela. Hoja ilikuwa kwamba bila jela hakuna adhabu, na shule isionekane kuwa zawadi. Carpenter aliipinga fikra hiyo, bila mafanikio kwa miaka mingi.

Krenki yenyewe haikuondoka. Watawala waliisoma ripoti kama onyo juu ya matumizi mabaya, wakabaki na mashine. Sheria ya jela ya 1865 iliitaja kwa jina kati ya kazi ngumu za daraja la kwanza, pamoja na gurudumu la kukanyaga, kubeba mipira ya chuma ya mizinga huku na huku, na kuvunja mawe, kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 10 kwa siku. Serikali kuu ilipozichukua jela zote za miji na wilaya mwaka 1878, namba za mizunguko zikaanza kulinganishwa, kwa kuwa hapo kabla kila mji ulikuwa na krenki zake na vipimo vyake. Ilifutwa pamoja na gurudumu la kukanyaga kwa sheria ya 1898, miaka mitatu baada ya Waingereza hao hao kuifanya Fort Jesus ya Mombasa kuwa jela.

Ile sheria ya 1865 iliweka kikomo cha umri: kazi ngumu ya daraja la kwanza ni kwa wanaume wa miaka 16 na kuendelea. Andrews alipokabidhiwa mpini alikuwa na 15.